Sauti Yangu Kwenye Kundi la Kago

Miaka miwili niliyofanya kazi kwa Bosi Gharib, mwenye ofisi ya kago inayosafirisha mizigo ya wateja, sikuwahi kutuma sauti kwenye kundi la wateja. Nilikuwa naandika tu. Siandiki vizuri, shule niliacha darasa la tano, lakini wateja walinizoea. Nikishapiga picha ya belo la nguo likiwa juu ya mizani naiweka kwenye kundi letu la WeChat, chini yake naandika: MAMA FURAHA KILO 38 IMEFIKA. Herufi kubwa tupu, kwa sababu ndogo zinanichanganya. Wengine wote kwenye kundi hutuma sauti. Mfanyabiashara hana muda wa kuandika. Yuko sokoni Shahe, hapa China, nguo begani, simu mdomoni, anaongea na sisi huku anabishana bei na muuzaji. Mimi wakaniita Kissa wa Maandishi.

Sababu ilikuwa moja. Wiki yangu ya kwanza nilipokea simu ya mteja wa Lubumbashi, nikasema, "Haloo, ofisi ya kago," naye akajibu, "Kaka, niitie yule dada Kissa." Nikakata. Nikamwandikia kwamba mtandao ni mbaya.

Mimi ni mwanamke. Pasi yangu ya kusafiria inasema mwanaume, na ina jina nililopewa nikiwa mchanga, ambalo sitaliandika hapa. Nilipokuwa Dar nilikutana na dada mmoja aliyeniambia watu kama sisi wanaitwa transjenda. Jina la Kissa nilijipa mwenyewe. Lilikuwa la bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuwahi kuniuliza chochote.

Bosi Gharib alijua tangu mwanzo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika barua yangu ya viza. Siku ile aliitazama pasi, akanitazama mimi, akasema, "Mimi nataka mtu asiyeiba. Mengine yako na Mola wako." Ni mtu wa Unguja, mpole wa maneno. Nikadhani nimepata mahali pa kukaa.

Mwingine aliyejua ni Othman.

Othman ni msimamizi wa stoo yetu kubwa iliyoko Foshan, mji wa jirani. Asubuhi anakuwa nasi ofisini, ghorofa ya sita katika jengo moja nyuma ya Tianxiu, jengo la maduka ya Waafrika, mchana anakwenda stoo. Anaongea Kichina kama amezaliwa hapa, kwa hiyo mambo ya polisi na viza yote anashika yeye. Ukihama chumba, ukirudi kutoka safari, unampa pasi yako anakwenda kukuandikishia anwani. Wateja nao wanampa. Wakati mwingine mfukoni mwake kuna pasi kumi na zaidi zimefungwa kwa mpira kama vitunguu vya sokoni.

Alianza na utani. Ofisini kwetu belo likiwa na ubishi, lebo inasema hivi na mwenye mzigo anasema vile, tunalichana mbele ya mwenyewe ili kila mtu aone kilichomo. Basi siku moja wateja wamejaa, Othman akanielekezea kidole.

"Oya, mnamwona huyu? Ni kama lile belo la juzi. Lebo juu imeandikwa magauni, ndani suruali tupu. Siku moja itabidi tumchane tuhakiki."

Watu wakacheka. Sidhani kama wote walielewa. Fathiya, anayeandika risiti, aliinamisha kichwa kwenye kitabu chake, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Baada ya hapo ikawa kila siku. Mbele ya wateja ananiita Kaka Kissa, halafu anajipiga mdomo kama aliyeteleza. Nikiinuka kwenda chooni anakohoa kwa nguvu. "Unaingia mlango upi leo, tukuwekee mlinzi?" Nikaacha kunywa maji asubuhi. Nikizidiwa nashuka ghorofa zote sita, navuka barabara, naingia mgahawa wa tambi ambao mama mwenyewe hanijali, ananionyesha tu kwa kidevu mlango wa choo huko nyuma. Halafu napanda tena. Lifti saa za mizigo huwezi kuipata. Miguu yangu ilikuwa inavimba na sikujua ni ngazi au ni kiu.

Mwezi wa tatu mwaka huu alinibana mlangoni pa stoo ndogo ya ofisini, mikono yangu imebeba roli la tepu na mkasi. Akanishika kifua, akaminya. "Nahakiki mzigo," akasema. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, na mpaka leo namshukuru Mungu sikufanya kitu.

Nilimwambia Bosi Gharib. Ilinichukua siku tatu kupata maneno. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Othman mtu wa masihara. Pengine mmepishana vibaya mlangoni." Nikarudi kwenye mizani.

Mtu akiniuliza mbona sikuondoka, sijui nimjibu nini. Viza ilikuwa kwa barua ya Gharib. Na kazi yenyewe naipenda. Napenda belo likipanda kwenye mizani, namba zikitetemeka kisha zikatulia. Nilikuwa nimechoka tu. Unaamka umechoka, unapanda metro umesimama, unafika pale mlangoni unasikia kikohozi kabla hujaketi.

Jumanne moja, kabla ya mchana, nilikuwa naandika alama ya mteja kwenye belo kwa kalamu nene. Simu yangu ikatetemeka. Nikamaliza herufi, nikaitazama.

Kwenye kundi la wateja, watu mia nne na zaidi, kulikuwa na picha ya ukurasa wa pasi yangu. Sura yangu ya zamani, nywele fupi, macho yameogopa kamera. Lile jina. Herufi M, ya mwanaume. Chini yake sauti ya Othman, inachekacheka: "Wateja wetu wapendwa, mumjue vizuri mtu anayepima mizigo yenu. Dada Kissa ndiye huyo."

Ilikaa hapo kidogo, kisha ikatoweka. WeChat inakupa dakika mbili za kuondoa ulichotuma. Likabaki lile neno dogo la kijivu kwamba Othman ameondoa ujumbe, na baada yake Othman akasema, "Samahani jamani, nimekosea kundi."

Nikaendelea kuandika alama. Ilikuwa BUKAVU. Niliandika BUKAV nikasahau herufi ya mwisho, nikawa naitazama tu.

"Kissa," Gharib akaita kutoka chumba cha ndani. "Njoo. Funga mlango, mwanangu."

Nikafunga. Alikuwa ameweka miwani kichwani, simu zake mbili zinalia juu ya meza naye hazipokei.

"Othman nimemsema," akaanza. "Kasema kakosea kundi. Alikuwa anawatumia wenzake."

Nilitaka kuuliza kama kwa wenzake ilikuwa halali.

"Skiza. Wateja wanapiga. Kuna mmoja wa Mwanza ananiuliza ofisi yangu imekuwa nini. Mimi kontena langu linafungwa Ijumaa. Basi fanya hivi. Andika pale kwenye kundi, kwa herufi zako zile kubwa, ile pasi siyo yangu, ni ya mtu mwingine, Othman kachanganya. Yaishe. Halafu kesho nenda Foshan, ukakae stoo mpaka watu wasahau."

"Foshan ni kwa Othman, bosi."

"Ndiyo mkuu wa stoo, nitafanyaje?"

"Nilikwambia alichonifanyia mlangoni."

Akasugua macho kwa vidole viwili. Alionekana mzee. "Kissa, mimi Kichina changu ni cha kuombea chai. Yule akiondoka, kontena zangu nani atazitoa? Nionee huruma na mimi."

"Na nikikataa?"

"Viza yako inaisha mwezi wa tisa," akasema taratibu, bila ukali wowote. "Sitaki kusema zaidi ya hapo."

Nikatoka. Othman alikuwa amekaa pembeni ya meza yangu, mguu unaning'inia, anakula mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe changu.

"Vipi, mkuu? Tutakuwa wote Foshan. Kule hakuna kelele za wateja. Tutahakiki vizuri."

Nikakaa. Nikafungua kundi. Nikaanza kuandika: ILE PASI SIYO

Nikayatazama maneno yale matatu. Nikawaza stoo ya Foshan, mlango wake wa chuma unaofungwa kwa nje, funguo kiunoni mwa Othman. Na nikawaza kwamba nikiandika pasi siyo yangu, basi yaliyonipata mwaka mzima yamempata mtu mwingine ambaye hayupo. Nani atamtetea huyo?

Nikafuta. Palepale chini pana kitufe cha kushikilia ili uongee. Nilikuwa sijawahi kukigusa kwenye kundi lile. Nikakishika kwa kidole gumba na nikaongea, siyo kwa nguvu, ila Othman alikuwa karibu na alisikia kila kitu.

"Habari za mchana wateja. Ni mimi Kissa, Kissa wa Maandishi. Hii ndiyo sauti yangu, samahani kwa mnaoshtuka. Ile pasi mliyoiona ni yangu. Othman hakukosea kundi. Pasi nilimpa aipeleke polisi kuandikisha anwani, kama nyinyi mnavyompa za kwenu. Mwaka mzima ananitukana mbele yenu, na wengine mmecheka. Mwezi wa tatu alinishika kifua mlangoni pa stoo. Nikamwambia bosi, ikaishia hapohapo. Leo naambiwa nikafanye kazi Foshan chini yake. Siendi. Mimi ni mwanamke, na mimi ndiye ninayepima mizigo yenu. Kama kuna mtu nimempunja kilo hata moja, aseme hapa hapa mbele ya wote. Mwingine ataniuliza kwa nini sikusema mapema. Nilikuwa naona aibu hii sauti. Sasa ninachoomba ni—"

Ikakatika. Sauti moja ni sekunde sitini, haikupi zaidi. Ikajituma yenyewe.

Mara nikasikia sauti yangu ikitokea kwenye simu ya Fathiya: *Habari za mchana wateja.* Nzito kuliko nilivyodhani. Halafu ikaanza tena kutoka ofisi ya jirani, ambako wanauza tiketi za ndege, na tena kutoka koridoni kwa mtu aliyekuwa anapita. Sauti yangu ikawa inapishana na sauti yangu.

Othman alikuwa ameruka kutoka mezani. "Futa! We mjinga, futa, dakika mbili hazijaisha!"

Mlango wa ndani ukafunguka. "Kissa!" Gharib akapiga kelele, jambo ambalo sijawahi kumsikia akifanya. "Futa, mwanangu! Futa kwanza tuongee!"

Niliiweka simu mezani, nikaifunika kwa mikono miwili, nikailalia kwa kifua. Othman akanivuta bega. Nikashikilia meza. Aliponivuta mara ya pili, Fathiya akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye risiti zake, "Othman, mguse tena na mimi nawasha kamera."

Othman akaacha. Akasimama anahema.

"Fathiya, na wewe?" akasema.

"Na mimi nini? Wewe simama hukohuko."

Tukakaa hivyo. Sijui kama nilihesabu. Nilikuwa nasikia feni na simu za bosi zinalia kule ndani. Baadaye Fathiya akasema, "Dakika mbili zimepita," na nikainuka. Shingo iliniuma.

Mtu wa kwanza kujibu alikuwa William, wa viatu vya Kariakoo. Akasema, "Sawa, poleni. Kwa hiyo kontena linaondoka Ijumaa au haliondoki?"

Wa pili sikumjua. Alisema astaghfirullah mara tatu na kwamba anatoa mzigo wake leo hii. Wa tatu alituma vicheko. Nikasema moyoni basi, nimekwisha, nipange nguo zangu.

Kisha akaja Ghislain, kijana wa Goma anayenunua simu.

"Attendez, ngojeni. Othman, wewe uko na passeport yangu tangu lundi, Jumatatu. Sasa ya kwangu pia utaweka kwa kundi? Gharib, boss, passeport yangu iko wapi?"

Hapo ndipo kundi lilipowaka. Kila aliyempa Othman pasi akakumbuka kwamba amempa. Na yangu? Na ya mke wangu? Ya kwangu ina picha sijavaa ushungi, alaa, asithubutu! Mwingine aliuliza kama polisi wanaruhusu mtu kupiga picha pasi za watu. Sauti zikaja juu ya sauti, sikuwahi kuona nyingi namna ile, hata siku ile meli ilipochelewa wiki mbili. Katikati yao akaingia Mama Scholastique wa Bukavu, mwenye belo lililokuwa miguuni pangu na herufi yake moja imekosekana. Nyuma yake kulisikika kelele za Shahe.

"Kissa, mama, nimekusikia. Weye ulipima bilo yangu, ulisema kilo makumi ine na mbili, ikafika Bukavu makumi ine na mbili. Kwa ile kago ya mbele, ya zamani, walikuwa wananiibia kila mara, na ilikuwa wanaume ya ndevu. Mimi, siku moja Othman alikufanyia mzaha, nilicheka. Ilikuwa mubaya. Bon. Sasa ile bilo yangu ya leo, imepimwa ao haiyapimwa?"

Niliisikiliza mara mbili. Alisema alicheka, na mimi namkumbuka akicheka. Alikuwa amesimama karibu na mlango, na meno yake yana mwanya.

Gharib alikuwa amesimama katikati ya ofisi, simu kila mkono.

"Othman," akasema. "Lete pasi."

"Bosi, huyu mtu ametuharibia—"

"Pasi za watu. Zote. Weka hapa mezani."

Othman akatoa kifurushi mfukoni, akakitupa. Ule mpira ukakatika na pasi zikatawanyika, za kijani, za bluu, nyingine ikaanguka sakafuni. Gharib akaiokota mwenyewe, akaipangusa kwa shati. Ilikuwa yangu. Akaishika kidogo, kama anataka kuiweka kwenye droo yake.

"Hiyo nakaa nayo mimi," nikasema.

Akanipa.

"Na Foshan siendi, bosi."

"Nimekusikia. China nzima imekusikia." Akaketi kwenye kiti cha wateja, kile chenye mguu mbovu. "Umenimaliza leo, Kissa."

"Hata mimi nimekwisha, bosi."

Tukatazamana. Nadhani hakuwa na hasira. Alikuwa anapiga hesabu zake, na kwenye hesabu zile sikujua mimi ni kujumlisha au ni kutoa.

"Kaa mezani kwako," akasema mwishowe. "Othman abaki Foshan, hapa asikanyage mpaka nimwite. Pasi za wateja atazipeleka Fathiya, na mkalimani wa kukodi. Barua ya viza…" Akashusha miwani machoni. "Barua tutaongea mwezi wa nane."

Othman akachukua koti lake. Alipopita karibu yangu akasema chini chini, "Utaona." Pengine nitaona. Stoo bado ni yake na Kichina bado ni chake.

Gharib anaonyeshwa waliotoka kwenye kundi, kwa kuwa ni lake. Mpaka saa tisa walikuwa sita. "Wawili hao walishahamia kago nyingine zamani," akasema peke yake, "walibaki kupeleleza bei tu." Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Fathiya alimwaga yale maganda ya alizeti, akanioshea kikombe, akanijazia maji ya uvuguvugu kutoka kwenye mashine. Hakuomba msamaha na sikumdai. Aliyaweka mbele yangu akarudi kwenye risiti. Nikanywa yote. Nikajaza tena, nikanywa. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikunywa maji kabla ya jioni nikiwa pale ofisini.

Kwa hiyo baada ya muda ikabidi niinuke. Koridoni wanaume wawili wa ofisi ya tiketi walikuwa wanavuta sigara. Waliacha kuongea. Mmoja akakohoa, sijui ni moshi. Nikaenda hadi mwisho wa koridoni, hatua kama thelathini, nikaingia mlango wa wanawake. Ndani kulikuwa na mama wa Kichina anaosha mopu. Akasogeza ndoo nipite.

Niliporudi, belo la Mama Scholastique lilikuwa bado pale. Nikaongeza ile U, nikasubiri wino ukauke, nikalisukuma hadi juu ya mizani. Namba zikatetemeka, zikatulia. Nikapiga picha. Nikaanza kuandika MAMA SCHOLA, vidole vikawa vizito, nikaona kuandika ni kazi ndefu kwa siku kama ile. Nikashika kitufe.

"Mama Schola, ni Kissa. Kilo hamsini na moja. Imefika."